Shahidi Hana Jambo

Kitufe kilitoweka Jumanne asubuhi. Jumatatu kilikuwepo, cha njano, kimeandikwa NUNUA SASA, chini ya picha ya kitabu cha Ardis Tveit kiitwacho Mapishi ya Ukumbi wa Chini wa Kanisa. Jumanne picha ipo, bei ipo, sifa za wasomaji zipo, ila kitufe hakuna. Mahali pake pamebaki peupe, na chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo za kijivu: "Waliotazama kitabu hiki walinunua sufuria hii."

Ardis alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Sufuria ilikuwa bado ipo.

"Lowell! Hebu njoo uone kitu."

Lowell, mumewe, dereva mstaafu wa basi la shule, alikuwa mlangoni akipokea boksi kutoka Orbo. Hiyo Orbo ndiyo kampuni tunayoizungumzia, duka la mtandaoni lililoanza na vitabu likaishia kuuza kila kitu isipokuwa mvua. Katika boksi la siku hiyo mlikuwa na chakula cha mbwa, balbu mbili, na selotepu ambayo Ardis hufungia vifurushi vya vitabu vyake. Lowell alikuja na boksi mkononi, akainama mbele ya kompyuta.

"Kitufe kimekwenda wapi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Labda mtandao unasinzia."

"Sufuria ina kitufe, Lowell."

Akaitazama sufuria kwa makini. "Lakini ni sufuria nzuri," akasema.

Kosa, kama ni kosa, Ardis alilifanya mwezi wa nane. Orbo walimwandikia barua yenye kichwa "Mwaliko wa Ushirikiano Mpya." Walitaka fungu kubwa zaidi la bei ya kila kitabu, na juu yake ada nyingine iitwayo ada ya kuonekana. Mtu mwingine angeona kisu shingoni. Ardis aliona neno mwaliko, na kwa watu wa Norsund, Minnesota, mwaliko ni kitu unachoweza kukikataa kwa heshima. Akawajibu kwa kalamu ya wino, kwenye kadi yenye picha ya bata: Ahsanteni sana kwa kutukumbuka, safari hii hatutaweza kuja, tutaendelea na utaratibu wa zamani. Akabandika stempu.

Katika kila vitabu kumi vya Tveit, saba viliuzwa kupitia Orbo. Maduka ya vitabu ya wilaya nzima yalikuwa yamebaki mawili, na mojawapo lilikuwa linauza zaidi mishumaa. Nakala elfu nne za Mapishi zilikuwa zimetoka kiwanda cha uchapaji tayari, zimejaa banda la gari hadi darini, na gari la Lowell limelala nje kwenye umande wa barafu. Zisipoondoka kabla ya Krismasi, kiwanda hakitachapa tena, na nyumba ya kuchapisha vitabu aliyoilea kwa miaka thelathini na mmoja, pamoja na vile vya uvuvi wa kwenye barafu, vya kufuma glavu, vya majina ya maua ya porini, itakufa. Hapakuwa na utajiri humo hata siku moja. Palikuwa na kazi aliyoipenda kuliko kitu chochote isipokuwa binti yake, na siku nyingine aliipenda kuliko hata binti yake.

Alitaka kuwapigia Orbo. Orbo hawana simu. Wana mashine ya kuandikiana nayo, inaitwa Furaha.

"Kitufe changu kimetoweka," Ardis akaandika.

"Pole sana kusikia hivyo! 😊" Furaha akajibu. "Je, ungependa kurudisha bidhaa uliyonunua?"

"Sijanunua. Mimi ndiye ninayeuza."

"Hongera kwa kuuza! Je, tatizo lako limekwisha?"

Ardis, kwa vile alilelewa vizuri, aliandika: "Bado, lakini ahsante kwa kujaribu." Furaha akachukua lile neno ahsante, akafunga mazungumzo, akaandika kwamba mteja ameridhika.

*

Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi ule ule wa chini ulioandikwa kwenye kitabu, kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe ikiwa mezani, habari ilikuwa imeshaenea. Marlys Grundhauser, mwenyekiti wa akina mama, alimshika Ardis mkono.

"Mwenzangu, tumesikia. Sisi tuko nyuma yako. Kila mtu anataka kununua kitabu."

"Basi njooni nyumbani mkichukue. Ninavyo elfu nne."

"Aa, hapana, tutakusumbua."

"Hamnisumbui, Marlys. Vimejaa hadi darini."

"Hapana, wewe una kazi zako." Marlys akayumba kidogo, akapunguza sauti. "Mimi nilijaribu Orbo. Nikaandika mapishi ya kanisa. Kikaja kesho yake! Nilidhani ni chako."

Akakitoa kwenye mkoba kwa aibu. Kilikuwa kinaitwa Mapishi Halisi ya Makanisa ya Kaskazini, kimechapwa na Orbo wenyewe, hakina jina la mwandishi, na jalada lake lilifanana na la Ardis kama pacha aliyelelewa na mjomba. Ardis akafungua ukurasa wa mkate mwembamba wa viazi, ule ambao bibi zao walitoka nao Norwe. Walikuwa wameutia tui la nazi.

Mimi binafsi, niliyekuwa meza ile ile na kikombe changu, sina ugomvi na tui la nazi, nimekua nalo huko kwetu pwani, na miaka kumi na tisa ya Norsund haijanitoa hamu yake. Lakini hata mimi niliona hapa pamefanyika uhuni.

"Sasa huu ulikuwaje?" Ardis akauliza.

"Ulikuwa... tofauti," Marlys akasema, na wanawake wawili wakatazama chini, kwa maana katika mji huu hakuna tusi linalolizidi hilo.

*

Mwezi wa kumi akaja Dalia Okun, mwanasheria wa chama cha wachapishaji wadogo, kutoka New York, na viatu visivyojua theluji. Bunge la jimbo lilikuwa na mswada mezani: duka lililolishika soko lisiruhusiwe kuficha bidhaa za mtu kwa sababu tu amekataa masharti yake. Kamati ya watu tisa ingesikiliza mashahidi, kisha wiki mbili baadaye ipige kura.

"Wanne wako nasi, wanne wako na Orbo," Dalia akaeleza, ameketi jikoni kwa Tveit. "Wa tisa ni Seneta Eldon Pribyl. Mkulima. Anasema hataki takwimu, anataka kumwona mtu halisi aliyeumia. Huyo ni wewe."

"Karibu keki," Ardis akasema, akasukuma sinia.

"Ahsante," Dalia akasema, akachukua kipande kikubwa, palepale, bila kukataa hata mara moja. Lowell alimtazama mkewe. Huku mtu hukataa mara mbili, ya tatu ndipo huchukua, tena kidogo. Pembeni mwa sinia walikuwa wamebakisha kipande cha mwisho cha keki ya juzi, kila apitaye anakikata nusu, kimefikia ukubwa wa kete ya dama. Dalia alipomaliza kipande chake akakinyakua na hicho.

"Tufanye mazoezi," akasema, akijifuta makombo. "Bi. Tveit, Orbo imekufanyia nini?"

"Kumekuwa na usumbufu kidogo."

"Usumbufu! Wamekunyonga! Sema: wamenimaliza."

"Mimi bado nipo, lakini."

"Sema basi: nimeumizwa."

Ardis akafikiri. "Kuumizwa ni neno kubwa. Mjomba wake Lowell alikatwa mkono na mashine ya mahindi. Huyo tunasema alipata ajali ndogo."

Dalia akashika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani. Huko utakuwa umeapishwa! Orbo wana mawakili kumi na mmoja. Ukiwaambia ni usumbufu kidogo, watatuzika."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Renae, binti yao, akiwa na fulana ya kazi yenye nembo ya Orbo kifuani. Alikuwa mpanga mizigo kwenye ghala lao, mwendo wa saa moja kutoka Norsund, tangu kiwanda cha sukari kilipofungwa.

"Huyu ndiye?" akauliza, akimwonyesha Dalia kwa kidevu. "Mama, wale wana mashine inayohesabu dakika ninazokaa chooni. Unadhani hawatajua mama yangu ni nani?"

"Sheria inakulinda," Dalia akasema.

"Dada, wewe sheria inakulinda. Mimi ninalindwa na bima ya afya, na mwanangu ana pumu, na bima ni ya Orbo."

Ardis alikuwa na roho mkononi. Aliwaza mtoto, akawaza banda la gari, akawaza vile vitabu vya maua ambavyo hakuna mtu mwingine duniani angevichapa. Renae alikaa, akavua viatu, akasugua vidole vya miguu.

"Nenda tu, Mama. Kile kitabu chao nakipanga mimi kwenye rafu kila siku, natamani nikichane. Nenda ukawaseme. Ila jina langu lisitoke."

*

Ukumbi wa kamati ulikuwa na zulia zito. Wapiga picha walikuwepo. Ardis alivaa gauni lake la buluu na bangili ya mama yake, akainua mkono, akaapa kusema kweli tupu. Karatasi yake aliishika mbele. Dalia alikuwa amemwandikia mstari wa kwanza kwa wino mwekundu: NIMEUMIZWA.

Lakini utaratibu wa siku hiyo uliwapa Orbo nafasi ya kuuliza kwanza. Kati ya mawakili wao kumi na mmoja, kumi walibaki wameketi. Aliyesimama alikuwa mtu mnene, mpole, na tai iliyopinda. Jina lake Curtis Bergquist, na mara tu alipofungua mdomo, Lowell, aliyekuwa nyuma na watazamaji, alijikunyata kitini. Yule bwana alikuwa mtu wa huku huku. Lafudhi yake ilikuwa ya maziwani, ile ya kuvuta maneno kama mtu anayevuta sleji kwenye theluji.

Sasa niwaambie kuhusu watu hawa ninaoishi nao. Mtu wa Norsund akitumbukia ziwani, barafu imepasuka, mkamtoa kwa kamba akiwa wa buluu, mkimuuliza hali atawaambia hajambo, maji tu yana ubaridi kidogo. Watu hawa wanakufa na tai shingoni, na tai yenyewe wameipiga pasi. Wala sisi wa kwetu tusicheke sana. Nani kati yetu hajaulizwa habari za nyumbani akajibu nzuri, ndipo akaongeza ila baba tumemzika juzi? Tofauti ni kwamba sisi tuna lile neno ila. Watu hawa huishia kwenye nzuri.

"Hujambo, Bi. Tveit?" Curtis akasema.

"Sijambo."

"Njia ilikuwaje? Nasikia barafu imeanza upande wa ziwa."

"Si mbaya. Inateleza kidogo tu."

"Mama yangu alizaliwa karibu na kwenu. Na mzee hajambo?"

"Hajambo. Goti tu."

"Ah, magoti. Mpe pole sana."

"Ahsante, nitamwambia." Ardis akajikuta anatabasamu. Baada ya Dalia, huyu alikuwa kama kikombe cha maziwa ya moto.

"Na biashara ya vitabu?"

"Haijambo," akasema Ardis.

Lilitoka lenyewe. Miaka sitini na mitatu ya malezi ililisukuma kutoka nyuma, na kinywa kikafunguka tu. Dalia alikwaruza meza kwa kucha.

"Na miaka yote hii mmeishije na Orbo?"

"Vizuri tu. Hatulalamiki."

"Kwa hiyo, nikikuelewa, huna jambo na Orbo."

"Mimi sina ugomvi na mtu."

"Sina swali lingine, Mwenyekiti. Mrudi salama, Bi. Tveit. Angalieni kulungu barabarani."

"Nanyi pia," Ardis akasema. "Ahsante sana."

Dalia alisimama kama aliyeungua. "Bi. Tveit, kitufe chako kimeondolewa. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, kimeondoka."

"Na umeathirikaje? Waambie."

Ardis akatazama karatasi. Neno jekundu lilikuwepo. Akamtazama Curtis, ambaye alikuwa anamtazama kwa upole wa mpwa. Mtu amekuulizia goti la mumeo mbele ya kadamnasi, ndipo wewe umwite mwizi? Alijaribu. Wallahi alijaribu.

"Kuna wenzangu wana hali ngumu zaidi," akasema.

Seneta Pribyl akaandika kitu kwenye daftari lake, akatikisa kichwa kukubali, akamshukuru shahidi kwa kuja kutoka mbali.

Garini hawakusemezana maili kumi na moja. Ya kumi na mbili Lowell akasema, "Uliongea vizuri." Ardis akageukia dirisha, akalia bila sauti hadi Norsund.

*

Walipofika nyumbani kitufe kilikuwa kimerudi.

Kilikuwa kikubwa zaidi, tena juu yake pameandikwa: CHAGUO LA ORBO. Asubuhi gazeti la jimbo likaandika "Mchapishaji Mdogo: Hatulalamiki," na katika habari yenyewe, "Shahidi hana jambo na kampuni hiyo." Jioni Orbo wakatoa tangazo, picha ya Ardis akitabasamu na bangili ya mama yake, na maneno makubwa: ORBO NA WACHAPISHAJI WADOGO. HATUNA JAMBO.

Maagizo yakamiminika. Lowell alifunga vifurushi hadi selotepu ikaisha, akaagiza nyingine Orbo. Renae alizawadiwa piza kazini, akaambiwa amsalimie mama. Siku ya nne paa la banda la gari likaanza kuonekana kwa ndani, ya sita Lowell akaingiza gari nusu, pua ndani mkia nje. Marlys alimkumbatia Ardis kanisani, jambo ambalo huku hufanyika kwenye mazishi tu.

Tusimsingizie: Ardis alifurahi. Alifurahi sana. Usiku wa Jumatano alilala bila kuamka, na asubuhi alijipikia mayai mawili badala ya moja. Alijiambia kwamba hakuomba kitu, hakusaini kitu, aliitikia salamu tu na watu wakamtendea wema.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Virgil Aho, mchapishaji wa kaskazini zaidi, karibu na mpaka, mtu wa Kifini anayechapa vitabu vya watoto katika lugha ambazo Orbo hawazijui hata kuziandika. Kitufe cha Virgil kilitoweka wiki moja na cha Ardis. Yeye hakuitwa kutoa ushahidi kwa sababu ana kigugumizi.

"Nilikutazama kwenye televisheni," Virgil akasema taratibu. "Ilikuwa... t-tofauti."

Ardis akakaa kitini.

"Virgil, nisikilize—"

"Sikupigii kwa hilo. Nafunga. Ile mashine ya kukatia karatasi, unaikumbuka, ile ya Kijerumani. Kuna mtu anaitaka, lakini nikasema nikuulize wewe kwanza. Uliisifu mwaka ule."

"Unafunga? Lini?"

"Mwisho wa mwezi. Kura ikishapita. Wanasema Pribyl ameshaamua."

Kinywa cha Ardis kikaokota kilichokuwa karibu.

"Na wewe hujambo, lakini?"

"Sijambo," Virgil akasema. "Si mbaya." Sauti ilikuwa imara kabisa, halafu akapumua, na ile pumzi ikatetemeka kwenye simu kwa muda mrefu kabla hajaaga.

Ardis alibaki ameshika simu. Maisha yake yote alikuwa analisema neno lile. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia.

*

Kumbukumbu za kamati zilikuja kwa posta Ijumaa, kurasa sitini, pamoja na fomu ya shahidi kusahihisha makosa. Ilikuwa na safu tano: ukurasa, mstari, imeandikwa, isomeke, sababu. Ardis alikuwa amejaza fomu za namna hiyo maisha yake yote, za herufi zilizopinduka na kurasa zilizorukwa. Akachonga penseli. Akaandika kwa mwandiko wa shule:

Ukurasa 41, mstari 6. Imeandikwa: Haijambo. Isomeke: Inakufa.

Ukurasa 41, mstari 8. Imeandikwa: Hatulalamiki. Isomeke: Nalalamika.

Kwenye safu ya sababu, mistari yote miwili, akaandika: Adabu.

Jioni akaiweka mezani mbele ya mumewe na binti yake. Renae aliisoma mara mbili.

"Mama, kitufe kimerudi! Unataka nini tena?"

"Kimerudi kwa sababu nilidanganya."

"Hukudanganya, uliitikia salamu!"

"Wakaichukua salamu yangu, wakaibandika kwenye mabango. Wanamzika nayo Virgil."

"Na wakikiondoa tena? Safari hii hawatakirudisha. Na mimi je? Piza ile ilikuwa ya kunionyesha kwamba wananijua, Mama. Usidhani ni upendo."

"Najua," Ardis akasema. "Naogopa, Renae. Sina jibu la bima. Nimelitafuta tangu jana, sina."

Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kutamka naogopa, hata daktari alipokuja kwa Lowell na habari za moyo. Renae alimtazama mama yake kama mgeni aliyeingia na koti la mama yake.

"Basi mimi pia naogopa," akasema mwisho, na uso ukamkunjamana kama wa mtoto. "Nachoka pia. Miguu inaniuma kila siku, Mama. Kila siku ya Mungu." Ardis akavuta kiti karibu, akaichukua ile miguu akaipakata.

Lowell alikohoa. "Zimebaki nakala ngapi?"

"Elfu mbili na kidogo."

"Gari limezoea nje," akasema. Akachukua fomu, akaitia kwenye bahasha, akailamba mwenyewe.

*

Jumanne karani wa kamati akapiga simu. Alikuwa mwanamke, sauti ya utu uzima, mtu wa huku huku naye.

"Bi. Tveit, hujambo? Nimepata fomu yako. Samahani kukusumbua."

"Hunisumbui."

"Ni hii safu ya sababu. Tunakubali sababu mbili tu, tahajia au kelele ukumbini. Wewe umeandika adabu. Labda nikuwekee kelele?"

"Hapakuwa na kelele."

"Au mwandishi wetu hakukusikia vizuri?"

"Alinisikia vizuri sana. Aliandika kila neno kama nilivyolitamka. Mwambie hongera."

Karatasi zilisikika zikipinduliwa. "Sasa Bi. Tveit, kama mwandishi hakukosea, hilo si sahihisho. Ni kusema kwamba ulitoa ushahidi usio wa kweli, na ulikuwa umeapa. Kamati italazimika kukuita tena, na kura itasogezwa mbele. Na mawakili wa Orbo watakuwepo, wote kumi na mmoja. Una hakika? Tunaweza kuiacha tu."

Lowell alikuwa amesimama mlangoni. Kwenye kompyuta, kile kitufe cha njano kilikuwa kinang'aa.

"Nina hakika," Ardis akasema.

"Basi itabidi niandike. Ulisema uongo gani?"

"Nilisema sijambo."

Upande wa pili kalamu ilisimama.

"Lakini mama," karani akasema, na sauti yake ya kiofisi ilikuwa imeondoka yote, "hilo si sote tunalisema?"

"Najua," Ardis akasema. "Ila mimi niliapa."